LHC karibu kusimama: swali la protoni zisizovunjika bado halijafungwa

Mashine kubwa kuliko zote duniani ya kugonganisha chembe, LHC, inapaswa kusimama katikati ya mwaka 2026. Ratiba hiyo ilitangazwa mwezi wa kumi 2024 na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Kulingana na ratiba hiyo, mashine haitarudi kazini mpaka katikati ya mwaka 2030. Katika miaka hiyo minne mafundi watabadilisha sumaku na vifaa vingine ndani ya handaki lake la kilometa 27, ili ikiwashwa tena itoe migongano mingi zaidi, hata mara kumi ya hesabu iliyopangwa tangu mwanzo.

Habari nyingi juu ya kusimama huko zinazungumzia chembe ya Higgs na mambo mapya ambayo mashine yenye nguvu zaidi inaweza kufunua. Ni sawa, kwa sababu pesa nyingi zimewekwa kwa ajili hiyo. Lakini ndani ya handaki hilohilo, zaidi ya mita 200 kutoka mahali miali inapogongana, kuna vifaa vidogo ambavyo havitafuti Higgs. Vinatafuta protoni ambazo zimegongana na nyingine zikatoka nzima, bila kuvunjika. Vifaa hivyo vimejibu swali lililoulizwa mwaka 1973. Wengi wanakubali jibu hilo, lakini limebaki na kasoro mbili, na mashine inayokuja haikutengenezwa kwa ajili ya kuzisahihisha.

Uchambuzi huu unaeleza swali hilo lilikuwa nini, lilijibiwaje, na kwa nini muda unawabana watafiti.

Zaidi ya robo hazivunjiki

Mtu akisikia kwamba protoni mbili zinagonganishwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwangaza, anafikiri lazima zitapasuka vipande. Picha ambazo CERN inatoa zinaonyesha hivyo: mistari ya rangi inayotawanyika kila upande kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma. Hiyo ni sehemu tu ya ukweli. Kwenye nguvu ya 13 TeV, ambayo LHC ilitumia kati ya 2015 na 2018, timu inayoitwa TOTEM ilipima kwamba zaidi ya robo ya makutano yote ni ya aina nyingine kabisa. Protoni mbili zinakaribiana, zinasukumana kidogo, kila moja inapinda njia kwa pembe ndogo mno na kuendelea na safari. Hakuna kilichovunjika na hakuna chembe mpya iliyozaliwa.

Kuna pia makutano ya katikati, ambapo protoni moja inavunjika na mwenzake anapona, au zote mbili zinapona lakini zinaacha nyuma kundi la chembe katikati. Makutano haya yote wanafizikia wanayaweka chini ya jina moja, difraksio, na sababu ya jina ni nzuri kuieleza.

Ukimulika mwangaza kwenye kitu kidogo cha mviringo, kivuli chake hakiwi na ukingo mkali. Ukiangalia kwa makini unaona doa la mwangaza katikati, kisha duara jeusi, kisha duara jingine la mwangaza hafifu. Hiyo ni difraksio ya mwangaza, na wanafunzi wa fizikia wanaifundishwa shuleni. Protoni nayo ina tabia ya wimbi. Ikipita karibu na protoni nyingine inatawanyika kwa namna ileile: nyingi zinapinda kidogo sana, kisha kuna pembe moja ambayo karibu hakuna protoni inayotoka, kisha zinaongezeka tena kidogo. Watafiti wanapochora hesabu zao kwenye karatasi, duara jeusi linaonekana kama shimo kwenye mstari, na baada ya shimo kuna kilima. Shimo hilo na kilima hicho ndivyo vilivyobeba hadithi yote.

Chungu kinachosogezwa karibu na moto

Tatizo la kwanza ni la ufundi. Protoni iliyopinda kwa pembe ndogo haiendi kwenye vitambuzi vikubwa vinavyozunguka mahali pa mgongano. Inabaki ndani ya bomba, karibu kabisa na mwali wa protoni zenzake ambazo hazikugongana na kitu. Tuchukue pembe ndogo kabisa ambazo TOTEM ilifaulu kupima, karibu sehemu nne au tano za milioni ya radiani. Bila kuhesabu kazi ya sumaku, protoni iliyopinda hivyo itakuwa imetoka njiani kwa milimita moja tu baada ya kutembea mita 220. Ukitaka kuiona, lazima upeleke kitambuzi chako mpaka umbali usiofika hata milimita hiyo moja kutoka kwenye mwali.

Na mwali huo si wa kuchezea. LHC ikijazwa kabisa, mwali mmoja unabeba nishati ya kutosha kutoboa chuma. Hata wakati wa kuingiza protoni na kuzipandisha mwendo, mwali unatikisika na kuwa mpana. Kitambuzi kilichofungwa karibu hivyo daima kingeungua siku ya kwanza.

Suluhisho lilipatikana CERN mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye mashine ya zamani iliyoitwa ISR, na kikundi cha watafiti kutoka Roma kilikuwa mbele katika kazi hiyo. Walitengeneza chombo cha chuma chenye umbo la chungu, kinachoingia ndani ya bomba kutoka nje kama pistoni. Kitambuzi kinakaa ndani ya chungu, kimetengwa na utupu wa bomba kwa ukuta wa chuma mwembamba sana. Mwali ukiwa bado haujatulia, chungu kinakaa nyuma. Ukitulia, mota inakisogeza mbele polepole, kwa hatua za sehemu za elfu za milimita. Jina limebaki mpaka leo: vyungu vya Roma.

Kwenye LHC vyungu hivyo vipo pande mbili za migongano miwili. Karibu na jaribio la CMS viko vya TOTEM, vyenye vitambuzi vya silikoni vilivyokatwa kwa njia maalum ili ukingo wao uone mpaka karibu kabisa na mwisho. Sehemu iliyo kipofu haizidi mikroni 50 hivi, yaani nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Karibu na jaribio la ATLAS viko vya kikundi kiitwacho ALFA, mita 237 na zaidi kutoka kwenye mgongano, ambavyo vinatumia nyuzi nyembamba zinazotoa mwangaza protoni inapopita.

Tatizo la pili si la chungu, ni la mashine yenyewe, na ndilo linalofanya kusimama kwa 2026 kuwe na uzito. Siku za kawaida LHC inabana miali yake iwe myembamba sana mahali pa mgongano, ili protoni nyingi zikutane. Lakini ukibana mwali kwenye nukta moja, protoni zake zinafika pale zikitoka pembe mbalimbali, kama maji yanayoingia kwenye koo la chupa kupitia mdomo wa funeli. Protoni iliyopinda kwa sehemu tano za milioni ya radiani inapotea ndani ya fujo hiyo. Ili kuiona lazima ufanye kinyume: uache mwali uwe mpana, protoni zote zikienda sambamba, na utumie makundi machache tu ya protoni badala ya zaidi ya elfu mbili ya siku za kawaida.

Kwa hiyo kila kipimo cha namna hii kinahitaji siku za pekee, ambazo mashine nzima inapangwa upya kwa ajili ya watu wachache, na maelfu ya watafiti wengine wanasubiri. TOTEM na ALFA hawajawahi kupata siku nyingi. Kila moja waliyopata ilibidi waiombe.

Swali la mwaka 1973

Sasa turudi kwenye shimo na kilima. Protoni mbili zinaposukumana bila kuvunjika, kuna kitu wanachobadilishana. Kwa miaka mingi kitu hicho kiliitwa pomeroni, kwa heshima ya mwanafizikia wa Kisovieti Isaak Pomeranchuk. Leo tunajua kwamba ndani ya protoni kuna kwarki zilizounganishwa na gluoni, na pomeroni inaelezwa kama gluoni mbili au zaidi zinazosafiri pamoja. Pomeroni haibagui: inafanya kazi ileile protoni ikikutana na protoni, au protoni ikikutana na antiprotoni, ambayo ni pacha wake mwenye chaji ya kinyume.

Mwaka 1973 Leszek Łukaszuk na Basarab Nicolescu walipendekeza kwamba lazima kuwe na mwenzake wa pomeroni anayebagua. Baadaye aliitwa oderoni. Kwa lugha ya gluoni, ni tatu zinazosafiri pamoja badala ya mbili. Protoni ikikutana na protoni, mchango wa oderoni unakuwa na alama moja. Protoni ikikutana na antiprotoni, alama inageuka. Kama oderoni ipo, michoro ya makutano hayo mawili haiwezi kufanana kabisa.

Mchango wake ni mdogo sana ukilinganishwa na wa pomeroni. Ndiyo sababu wanaitafuta kwenye shimo. Mahali hapo mchango mkubwa wa pomeroni karibu unajifuta wenyewe, na kilicho kidogo kinapata nafasi ya kuonekana. Wakaaji wa kando ya Ziwa Kivu wataelewa haraka: taa ya mtumbwi mmoja wa wavuvi huioni mchana, unaiona usiku.

ISR ilifungwa mwaka 1984. Kabla ya hapo ilifaulu kuzungusha protoni na pia antiprotoni, na watafiti wakalinganisha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1985 yalionyesha tofauti kwenye shimo, lakini data zilikuwa chache na nguvu ya mashine ilikuwa ndogo kiasi kwamba vitu vingine, visivyo oderoni, vingeweza kueleza tofauti hiyo. Swali likalala.

Jibu lililotoka kwenye mashine iliyokufa

Liliamshwa kwa njia ambayo haikupangwa. Marekani, karibu na Chicago, maabara ya Fermilab ilikuwa na mashine iitwayo Tevatron iliyogonganisha protoni na antiprotoni kwa nguvu ya 1.96 TeV. Moja ya majaribio yake, D0, ilikuwa na vyungu vya Roma na ilipata nafasi ya kupima makutano yasiyovunja. Tevatron ilizimwa tarehe 30 mwezi wa tisa 2011. D0 ilitoa kipimo chake mwaka uliofuata: kwa protoni na antiprotoni hakuna shimo la wazi na hakuna kilima. Mstari unashuka, kisha unalala.

LHC yenyewe haina antiprotoni za kugonganisha. Inatumia protoni na protoni. TOTEM ilipima kwenye nguvu nne tofauti: 2.76, 7, 8 na 13 TeV. Kila mara shimo lilikuwepo na kilima kilikuwepo. Kwenye 13 TeV kilele cha kilima kiko juu ya shimo kwa zaidi ya mara moja na nusu.

Hapo timu mbili, moja ya mashine hai na nyingine ya mashine iliyokwisha kufa, zikakaa pamoja. Zilichukua alama nane kwenye mchoro wa TOTEM, kama kina cha shimo na kimo cha kilima, zikafuata jinsi kila alama inavyosogea nguvu ikipungua kutoka 13 mpaka 2.76 TeV, kisha zikakadiria ingekuwa wapi kwenye 1.96 TeV. Mwisho zikaweka mchoro huo juu ya ule wa D0. Michoro haikulingana. Tofauti ilikuwa ya ukubwa ambao bahati tu ingeutoa mara moja katika majaribio elfu tatu hivi.

Kwa wanafizikia wa chembe hiyo peke yake haitoshi kusema “tumegundua”. Desturi yao inadai uwezekano wa makosa usiozidi mmoja katika milioni tatu na nusu hivi. Kwa hiyo waliongeza ushahidi wa pili, ambao TOTEM ilikuwa imeupata kwenye pembe ndogo kabisa. Huko protoni zinasukumana pia kwa umeme, na nguvu ya umeme inajulikana vizuri kiasi cha kutumika kama rula. Ukiangalia jinsi umeme na nguvu ya gluoni zinavyochanganyika, unapata namba moja ndogo inayoitwa ro. Nadharia bila oderoni zilitegemea ro ya karibu 0.13 au zaidi kwenye 13 TeV. TOTEM ilipata karibu 0.10. Ukiunganisha shahidi huyu na yule wa shimo, kizingiti cha ugunduzi kinavukwa. Tangazo lilitolewa mwanzoni mwa 2021, na makala yenyewe ikachapishwa mwezi wa nane mwaka huohuo katika gazeti la Physical Review Letters. Tangu pendekezo la 1973, ilikuwa imepita miaka 48.

Kasoro mbili

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ni moja ya kazi safi zaidi za LHC, na ilifanywa kwa garama ndogo ukilinganisha na majaribio makubwa. Hata hivyo kuna sababu za wataalamu fulani kusita, na si wivu wa wasomi.

Ya kwanza ni ule mwendo wa kukadiria. TOTEM haikupima kwenye 1.96 TeV yenyewe. Ilipima jirani, juu yake, kisha ikashuka kwa hesabu. Alama nane zinasogea vizuri na kwa mpangilio, kwa hiyo ukadiriaji si wa kubahatisha. Lakini kulinganisha mashine mbili, zenye vitambuzi tofauti, kwenye nguvu zisizo sawa, kunaacha mlango wazi. Mlango huo ungefungwa kama LHC ingeshushwa mpaka 0.98 TeV kwa kila mwali na kupima pale pale. Mashine inaingiza protoni zikiwa na 0.45 TeV na kuzipandisha kutoka hapo, kwa hiyo kimsingi nguvu hiyo iko ndani ya uwezo wake. Garama yake ingekuwa siku. Na upande wa pili wa mlango hauwezi kurudiwa hata kidogo: baada ya Tevatron hakuna mashine duniani inayogonganisha protoni na antiprotoni kwa nguvu za namna hiyo. Kipimo cha D0 kitabaki peke yake.

Kasoro ya pili imetoka ndani ya nyumba. ALFA ilipima jambo lilelile kwenye mashine ileile, ikatoa matokeo yake ya 13 TeV mwaka 2022. Kwa ro, ilipata 0.098, sawa kabisa na TOTEM. Hiyo ni habari njema kwa walioamini. Lakini kuna namba nyingine ambayo timu zote mbili zinaitoa kutoka data zilezile: eneo lote la mgongano, yaani protoni inaonekana “kubwa” kiasi gani kwa protoni mwenzake. TOTEM inasema milibani 110.6, ikikubali kosa la 3.4 juu au chini. ALFA inasema 104.7, kwa kosa la 1.1.

Tofauti hiyo kwenye 13 TeV peke yake haishtui sana. Kinachoshtua ni kwamba inajirudia upande uleule. Kwenye 7 TeV TOTEM ilitoa 98.6 na ALFA 95.35. Kwenye 8 TeV, 101.7 na 96.07. Mara tatu TOTEM iko juu, mara tatu ALFA iko chini. Timu moja inahesabu makutano kwa kuangalia pia chembe zinazovunjika, nyingine inategemea kipimo cha wingi wa miali cha ATLAS. Mahali fulani katika njia hizo mbili kuna kitu kinachovuta upande mmoja.

Msomaji anaweza kuuliza kama asilimia tano au sita ni kitu cha kupigania. Hapa ndiyo. Maana ya ro inategemea jinsi eneo hilo linavyokua nguvu ikiongezeka. Kama eneo linakua kama nadharia za kawaida zinavyosema, ro ndogo inaonyesha oderoni. Kama ukuaji unaanza kupungua kwenye nguvu kubwa zaidi, ro ndogo inaweza kuelezwa hivyo pia, bila oderoni. ALFA wenyewe, walipochapisha namba yao, waliacha njia zote mbili wazi. Kwa hiyo mgogoro wa milibani sita unarudi moja kwa moja kwa shahidi wa pili wa ugunduzi. Shahidi wa kwanza, shimo, hauguswi nao.

Mwezi wa tisa 2023 timu zote mbili zilipewa tena siku za pekee, mara hii kwenye nguvu ya 13.6 TeV. Namba za siku hizo ndizo za kungojea. Kama TOTEM na ALFA zitakutana, mengi yatatulia. Kama zitaachana tena upande uleule, itabidi mtu akubali kwamba moja ya rula mbili imepinda.

Baada ya 2030

Mashine mpya inajengwa kwa lengo la wingi. Leo, kila makundi mawili ya protoni yanapopishana, kuna migongano kama sitini kwa mara moja. Baada ya 2030 wanatarajia mpaka 140 au 200. Hayo ni mazingira ya kinyume na yale ambayo kipimo cha pembe ndogo kinahitaji. Isitoshe, sumaku na vifaa vya eneo lile la mita mia mbili vitabadilishwa mahali. Vyungu haviwezi kuachwa vilipo kama vile hakuna kilichotokea.

Vyungu havitapotea vyote kwa lazima. Kuna kazi nyingine ambayo inapenda wingi. Tangu 2016, kikundi kinachoitwa PPS upande wa CMS, na AFP upande wa ATLAS, vinatumia vyungu siku za kawaida, mwali ukiwa umejaa. Havitafuti oderoni. Vinatafuta makutano ambapo protoni mbili zinapona lakini kila moja imepoteza sehemu ya nishati yake kwa kutoa mwangaza, na mwangaza wa hizo mbili ukagongana katikati. Ndiyo, mwangaza na mwangaza. Protoni zilizopona zinasema ni nishati kiasi gani iliyotumika, na kitambuzi kikubwa kinaonyesha kilichozaliwa. Shida yao ni kujua protoni hii imetoka kwenye mgongano upi kati ya sitini. Kwa hiyo wanapima saa yake: ukipima kwa usahihi wa picosekunde 30, unajua mahali ilipotoka kwa usahihi wa milimita chache. Mwaka 2021 CMS ilitoa pendekezo la vyungu vipya kwa ajili ya miaka ya baada ya 2030, pamoja na kituo cha mbali zaidi, mita 420 kutoka kwenye mgongano.

Marekani pia ina mpango. Kwenye maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, kutajengwa mashine ya kugonganisha elektroni na viini vya atomi, na vitambuzi vyake vimepangiwa vyungu vya Roma tangu kwenye michoro ya kwanza. Lakini hiyo inauliza maswali mengine, kwa nguvu ndogo zaidi.

Hapa kwetu, jambo hili lisionekane kuwa la watu wa mbali tu. CERN haina nchi ya Afrika iliyo mwanachama kamili, ingawa Afrika Kusini na Morocco wako ndani ya ATLAS, na Misri ndani ya CMS. Shule ya Afrika ya fizikia, inayohama kutoka nchi hadi nchi, ilikuja mpaka Kigali mwaka 2016. Na tofauti na mambo mengi ya mashine kubwa, namba za mgogoro huu ziko wazi. Vipimo vya TOTEM, ALFA na D0 vimewekwa katika hifadhi ya HEPData, inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Durham huko Uingereza, bila malipo na bila neno la siri. Mwanafunzi wa fizikia wa Bukavu, Goma au Lubumbashi mwenye kompyuta na intaneti ya jioni moja anaweza kuchukua jedwali la 13 TeV, akalichora, akaona shimo kwa macho yake. Akichora lile la D0 kando yake, ataona pia kwamba hakuna.

Kwa upande wa ratiba, mambo yanayofuata ni matatu: matokeo ya siku za 2023 kutoka timu zote mbili, uamuzi juu ya vyungu vipi vitarudishwa handakini kabla ya 2030, na kama mashine mpya itaruhusu hata siku moja ya mwali mpana. Kuhusu hilo la tatu, ratiba ya CERN inayoishia 2030 haisemi chochote.